Ngazi Iliyoegemezwa Ukuta wa Jirani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulizungumzia mshahara wa mwalimu wa chuo kikuu hapa Bujumbura. Tuliona jinsi ulivyoliwa na kushuka kwa faranga, hasa baada ya Mei 2023, bei rasmi ya dola ilipopanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mpigo. Leo nauweka mshahara kando. Ni jambo zito, na anayetembea kwa miguu hadi kampasi ya Mutanga kwa sababu mabasi hayana mafuta hahitaji kuelezwa. Lakini katika miaka yangu ya kufundisha nimewaona watu wakiondoka mara tu baada ya kuongezwa mshahara, na wengine wakibaki miezi ambayo mshahara ulichelewa. Nimejiuliza sana kinachowatenganisha, na kila mara narudi kwenye suala la kupanda daraja.

Utaratibu wetu wa vyeo tuliurithi kwa Wabelgiji. Kijana aliyefaulu vizuri huajiriwa kama asistanti. Asipopata shahada ya uzamivu, vyeo vya juu ataviona kwa mbali tu. Akiipata, anaanza safari nyingine ya kuchapisha makala za utafiti, hadi siku moja aitwe profesa. Utaratibu huu hauna ubaya wowote. Tatizo ni kwamba kwa miongo mingi shahada hiyo haikupatikana Bujumbura. Ilikuwa lazima uifuate Liège, Louvain, Brussels au Paris. Yaani chuo kilimwambia kijana wake bora: ukitaka kupanda hapa, kwanza uondoke. Anakwenda miaka minne au mitano, watoto wanaanza shule huko, mkewe anapata kazi, naye anazoea maabara ambayo umeme haukatiki. Halafu tunamlaumu kwa kutorudi. Waliorudi wapo, nami nawaheshimu sana, lakini chuo hakiwezi kuendeshwa kwa kutegemea moyo wa kujitolea peke yake.

Tukumbuke pia tulikotoka. Chuo Kikuu cha Burundi kilianza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, miaka miwili tu baada ya uhuru, na walimu wake wengi walikuwa wageni. Kabla hakijapata kulea kizazi chake, ukaja mwaka 1972, wasomi Wahutu wakauawa kwa maelfu, wanafunzi wa chuo wakiwemo. Vikafuata vita vya 1993, na Juni 1995 wanafunzi wakauawa ndani ya kampasi ya Mutanga. Rwanda nayo, ilipokuwa inajenga upya chuo chake cha Butare baada ya 1994, ilihitaji walimu wanaojua Kifaransa na iliwalipa vizuri kuliko sisi. Kutoka hapa hadi Butare ilikuwa safari isiyomaliza siku. Wengi walikwenda.

Kisha vyuo binafsi vikachipua: Ngozi mwaka 1999, Lumière na Lac Tanganyika mwaka 2000, na Hope Africa muda mfupi baadaye. Hivi havikumchukua mwalimu mzima mzima, vilimkodi kwa saa. Namfahamu mwenzangu mmoja anayebeba mifuko mitatu ya mitihani, kila mmoja na rangi yake ili asichanganye vyuo. Asubuhi yuko huku, mchana kule, jioni kwingine. Kwenye orodha ya wafanyakazi jina lake lipo, na ukihesabu utasema hatujampoteza. Lakini makala yake ya utafiti imekaa mezani miaka sita, na bila makala hiyo hapandi. Huyo ameondoka bila kuvuka mpaka.

Je, yupo aliyelitatua hili? Majirani zetu wa Makerere walipoteza walimu wengi wakati wa Idi Amin. Kuanzia mwaka 2000, kwa msaada wa Sweden, walisomesha walimu wao uzamivu kwa kupokezana: miezi kadhaa Sweden, miezi kadhaa Kampala. Ajira ya mwalimu ilibaki Kampala, familia ilibaki Kampala, hata utafiti wenyewe ulifanyika nyumbani. Kurudi hakukuwa uamuzi mkubwa wa maisha, kwa kuwa hakuwa amehama. Sisi tulipata pigo baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015, Umoja wa Ulaya uliposimamisha misaada yake kwa serikali mwaka uliofuata, hadi 2022. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Burundi sasa kina shule yake ya uzamivu, na kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko nyongeza yoyote ya mshahara. Ila inahitaji wasimamizi, na wengi wao ndio wale walio Butare na Brussels. Waitwe, hata kwa wiki mbili mbili.

Kuna kundi ambalo mijadala yetu hulisahau kabisa. Katika maktaba ya chuo kimoja cha mjini, chuo ambacho sitakitaja, yuko mzee aliyeingia kazini enzi za kadi za karatasi. Funguo zote anazo yeye. Ukimwuliza tasnifu ya mwaka fulani, haangalii kompyuta. Anasimama, anakwenda rafu ya nyuma, anarudi nayo akiipangusa vumbi kwa kiganja. Amewafundisha kazi wakuu watatu wa maktaba, wote waliletwa kutoka nje. Nilimwuliza kwa nini hakuomba nafasi hiyo. Akanijibu, “Mwalimu, nafasi yangu haina ya pili yake.” Alikuwa anasema kweli. Mwalimu ana ngazi, hata kama imeegemezwa ukuta wa jirani. Mtunza maktaba, fundi wa maabara na karani wa uandikishaji hawana hata hiyo. Wakiondoka, chuo hugundua siku ya kwanza ya mitihani.

Mwezi uliopita alinijia binti anayefanya kazi maabara katika chuo hicho hicho. Amepata nafasi ya kusoma uzamili Dodoma, Tanzania, na ada amejichangia na kaka zake. Hakuomba fedha kwa mwajiri wake. Aliomba barua ya mistari mitatu, inayosema kwamba akirudi na shahada yake atapandishwa kutoka daraja la fundi. Ameulizia mara nne. Muhula wa Dodoma unaanza Oktoba, na tikiti ya basi ameshakata.