Je, Wajua? Matai Kabla Hujapanda Basi

Una safari ya Matai? Begi liache kwanza, sogea hapa kwenye benchi. Anayefika Ufipa, eneo la Matai, kichwa kitupu huona mahindi na upepo, basi!

Je, wajua kuwa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, ina jirani anayeyaacha mbali maporomoko ya Victoria? Victoria yanashuka mita 108. Maporomoko ya Kalambo yanashuka zaidi ya mita 200, tena kwa mruko mmoja! Mto ni mpaka: huku Tanzania, kule Zambia.

Hapo hapo, juu ya maporomoko, wataalamu wa mambo ya kale walifukua magogo mawili yaliyopandana mwaka 2019. Gogo la juu limechongwa pengo kwa chini ili likae sawasawa juu ya mwenzake, na alama za zana bado zinaonekana. Umri? Angalau miaka 476,000!

Ngoja, hujasikia bado. Mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu, yale ya Morocco, yana miaka kama 300,000 tu. Fundi wa Kalambo alichonga na kupachika magogo kabla watu kama mimi na wewe hawajakuwapo! Na umri huo ulipimwaje? Kwa chembe za mchanga zilizoyazunguka magogo: maabara inaweza kusoma ni lini ziliona jua mara ya mwisho. Mti wenyewe uliponea majini, kwenye tope ambako hewa haikuufikia.

Wajua kuwa Wafipa, wenyeji wa Ufipa, waliyeyusha chuma bila mivukuto? Walijenga tanuru la udongo la hadi mita 3, lenye matundu chini, upepo ukaingia wenyewe na moto ukawaka siku kadhaa. Mivukuto ilingoja kitanuru kidogo cha kusafishia chuma. Na tanuru kubwa lilihesabiwa bibi harusi, likapambwa, na mafundi wakakaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe! Mengine yamesimama mashambani mpaka leo, kwa hiyo ukiona kitu kama mnara wa udongo usidhani ni kichuguu.

Haya, hii utaipenda. Simulizi za Wafipa zinasema wanawake watatu wageni walifika Milanzi, karibu na Sumbawanga ya leo, chifu akiwa mawindoni. Kurudi nyumbani, kiti chake kimekaliwa! Ukoo wao, Watwaci, ndio uliotawala falme za Nkansi na Lyangalile. Mwenye Milanzi akaachiwa matambiko. Roy Willis wa Uingereza aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1981, nawe unaweza kukisoma ukiwa kwako umejinyoosha mkekani.

Na mashambani kwa Wafipa utaona vilima vidogo vya udongo viitwavyo intumba, vilivyozika majani ndani yake. Yakioza, ndiyo mbolea. Hakuna gunia lililonunuliwa!

Teremka sasa kutoka Matai hadi Kasanga, ufukweni mwa Tanganyika. Wajerumani walipaita Bismarckburg. Ziwa lililo mbele yako lina kina cha mita 1,470. Duniani linashindwa na Baikal peke yake.

Na je, wajua kuhusu Liemba, meli ya ziwa hilo? Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000 na kuletwa mpaka Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha makusudi, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini!

Upande wa pili wa Ufipa kuna Ziwa Rukwa, ambalo halitulii. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kilomita kama 50. Miaka kumi baadaye? Kilomita kama 128!

La mwisho, shika. Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, wiki mbili nzima baadaye. Wapi? Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Matai! Mji huo huo una Makumbusho ya Moto Moto, yaliyoanzia kwenye vitu vya kale alivyokusanya padri mmoja wa Kanada. Kwa hiyo ukianza kupanga begi, hati ya kusafiria iwe ya kwanza kuingia.