Marekani: Udaktari wa miguu, mlango ambao vijana wengi Wakongomani hawajaubisha

Baadhi ya vijana Wakongomani waliofika Marekani kama wakimbizi wanaanza maisha ya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Wanaogesha wagonjwa, wanawavalisha na kuwalisha. Ni hapo, wakati wa kuvua soksi, ndipo wanapokutana na kidonda cha ugonjwa wa sukari: tundu dogo chini ya unyayo ambalo mgonjwa mwenyewe halisikii, kwa sababu mishipa ya fahamu ya mguu imekwisha kufa ganzi. Siku nyingine anafika daktari, anakata nyama iliyooza, anafunga kidonda na kuandika dawa. Kazi yake ni miguu tu.

Daktari huyo hakupitia shule ya udaktari wa kawaida. Alisoma chuo cha udaktari wa miguu na ana shahada inayoitwa DPM. Kwa kijana mwenye ndoto ya kuvaa koti jeupe, njia hiyo ipo wazi kuliko wengi wanavyodhani. Lakini ina masharti yake, ina deni lake, na ina mpaka ambao ni vizuri kuujua kabla ya kutoa dola ya kwanza.

Jambo hili linawahusu Wakongomani wengi. Katika mwaka wa bajeti wa 2024, watu karibu 20,000 kutoka Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo walipokelewa Marekani kama wakimbizi, na hakuna nchi nyingine iliyotoa wengi zaidi mwaka huo. Mpango huo wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa mwezi wa kwanza 2025, lakini waliokwisha kufika wako huko na watoto wao wanaingia vyuo vikuu.

Si sawa na podologue wa Ufaransa

Msomaji aliyezoea Kifaransa anaweza kuchanganya. Katika Ufaransa, pédicure-podologue anasoma miaka 3 na kupata diploma ya serkali. Anatunza kucha, ngozi na namna mtu anavyotembea, lakini hafanyi operesheni za mifupa. Katika Afrika ya Kusini, Chuo Kikuu cha Johannesburg kinafundisha fani hii kwa kiwango cha shahada ya kwanza.

Marekani imefuata njia nyingine. Mwenye DPM anasoma miaka 4 baada ya chuo kikuu, kisha anafanya miaka 3 ya mafunzo hospitalini, akilipwa mshahara. Anaandika dawa, anapasua mguu na kifundo chake, na kwa ugonjwa wa sukari ndiye mara nyingi anayeamua kama kidole kitakatwa au kitaokolewa. Mipaka ya kazi yake inawekwa na sheria ya kila jimbo, lakini kote anabaki daktari wa sehemu moja ya mwili.

Umuhimu wa kazi hiyo unaonekana kwa hesabu moja inayojulikana na matabibu: katika kila watu 100 wanaokatwa mguu kwa sababu ya sukari, karibu 85 walianza na kidonda. Kidonda kikitunzwa mapema, mguu mara nyingi unabaki.

Vyuo ni vichache

Tangu mwaka 2023, vyuo vinavyotoa DPM vimefikia 11. Vikongwe viko katika miji mikubwa. Cha New York kilianza 1911. Cha Chicago kilianza 1912, kikaanzishwa na William Scholl, mtu yule yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya viatu na dawa za miguu hadi leo. Vingine viko Philadelphia, Florida, Ohio, Iowa, Arizona na California. Vipya zaidi ni kile cha Texas, karibu na mpaka wa Mexico, kilichofunguliwa 2022, na cha LECOM katika Pennsylvania, kilichofunguliwa 2023.

Baadhi ya vyuo hivi viko karibu na pahali Wakongomani wamejenga maisha. Familia nyingi zinazosema Kiswahili ziko Iowa, na Des Moines University iko huko huko. Katika Ohio, chuo cha Kent State kiko Independence, pembeni ya Cleveland. Katika Arizona, Midwestern University iko Glendale, karibu na Phoenix. Kijana anayeweza kuendelea kulala kwa wazazi wake anapunguza sehemu kubwa ya gharama.

Ombi moja, karatasi nyingi

Mwombaji haandikii kila chuo peke yake. Ipo huduma moja ya pamoja, AACPMAS, ambayo inapokea faili moja na kuituma kwa vyuo anavyovichagua. Hufunguliwa mwezi wa nane kwa wale watakaoanza masomo mwaka unaofuata, na mlango wa mwisho hufungwa tarehe 30 mwezi wa sita.

Tarehe hiyo ya mwisho inadanganya wengi. Vyuo havingoji maombi yote yafike ndipo vichague. Vinaita watu kwa mazungumzo na kutoa nafasi kadiri faili zinavyoingia. Anayetuma mwezi wa tisa anakuta viti vingi bado viko wazi, anayetuma mwezi wa tano anakuta vilivyobaki.

Ndani ya faili kuna mambo matano. La kwanza ni masomo ya msingi: biolojia, kemia ya kawaida, kemia ya oganiki na fizikia, yote pamoja na kazi za maabara, halafu Kiingereza. Sheria inaruhusu kuomba mtu akiwa amemaliza angalau miaka 3 ya chuo kikuu, lakini karibu wote wanaoingia wana shahada ya kwanza.

La pili ni alama za chuo. Mwombaji anaandika kila somo alilofanya katika kila chuo alichopitia, hata lile alilofeli na kulirudia. Kuficha somo moja kunaweza kuharibu faili nzima. Aliyesoma Bukavu, Goma au Lubumbashi kabla ya kukimbia anapaswa kutafuta relevé zake na kuzipeleka kwa shirika la kutathmini masomo ya kigeni, kama World Education Services. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi, hasa kama chuo cha nyumbani kiko katika eneo la vita. Ni vizuri kuianza mwaka mmoja kabla. Pia kila chuo kina sheria yake juu ya masomo yaliyofanyika nje ya Marekani, kwa hiyo kuuliza mapema kunaokoa pesa.

La tatu ni mtihani wa MCAT, ule ule wanaofanya wanaoomba udaktari wa kawaida. Unachukua karibu siku nzima. Alama zinaanzia 472 na kuishia 528. Vyuo vingi havipokei matokeo ya zaidi ya miaka 3, na baadhi ya vyuo vinaweza kukubali mtihani mwingine badala yake.

Kwa kijana aliyekulia katika Kiswahili na Kifaransa, hatari haiko sana kwenye kemia. Iko kwenye sehemu ya kusoma: maandishi marefu ya Kiingereza juu ya falsafa, sanaa au historia, na maswali ambayo hayahitaji sayansi yoyote. Sehemu hiyo haijifunzwi kwa wiki mbili. Inataka mtu aliyezoea kusoma kurasa kadhaa za Kiingereza kigumu kila siku, kwa mwaka mzima au zaidi.

Mtihani huo unalipiwa zaidi ya dola 330. Lakini upo mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, unaopunguza bei kwa zaidi ya nusu na kutoa vitabu vya mazoezi bure. Ukaazi wa kudumu unatosha, na aliyepewa hadhi ya mkimbizi anahesabiwa. Sharti ni kuomba msaada huo kabla ya kujiandikisha kwa mtihani. Pesa iliyokwisha kulipwa hairudishwi.

La nne ni barua za mapendekezo, kutoka kwa walimu wa sayansi na, kwa vyuo vingi, kutoka kwa daktari wa miguu. La tano ni maandishi ya kujieleza, kisha mazungumzo ya ana kwa ana au ya video.

Swali moja: kwa nini miguu?

Katika mazungumzo hayo, swali lisilokosa ni kwa nini mtu amechagua miguu na si udaktari wa kawaida. Walimu wanajua kwamba wengine wanakuja kwa sababu wamefungiwa mlango mwingine. Kila mwaka zaidi ya watu 50,000 wanaomba shule za udaktari wa kawaida Marekani, na chini ya nusu wanaingia. Wanaoingia huko wana wastani wa zaidi ya 510 katika MCAT, wakati wastani wa wanaoingia udaktari wa miguu uko chini ya 500. Pia idadi ya waombaji wa DPM imeshuka miaka ya karibuni, na vyuo vinatafuta wanafunzi.

Kwa hiyo ni kweli: kuingia ni rahisi zaidi. Kumaliza si rahisi. Miaka 2 ya kwanza ni anatomia, fiziolojia, dawa na magonjwa ya mwili mzima, na katika vyuo kama Des Moines baadhi ya masomo hufanywa pamoja na wanafunzi wengine wa udaktari. Baadaye kuna mitihani ya kitaifa ya APMLE. Anayeingia na msingi dhaifu wa sayansi anaweza kuondoka baada ya mwaka mmoja bila shahada, akibaki na deni mkononi.

Jibu zuri la swali la miguu haliandikwi usiku wa mwisho. Linapatikana kwa kumfuata daktari wa miguu kazini, siku kadhaa, kuona kucha zenye ukungu asubuhi na mfupa uliooza jioni. Hapo kijana aliyefanya kazi katika nyumba ya wazee anaanza mbele ya wengine, kwa sababu amekwisha kushika miguu hiyo. Pia daktari aliyemfuata ndiye anayeweza kumwandikia barua.

Deni la dola 200,000

Malipo ya masomo katika vyuo vingi yanazidi dola 40,000 kwa mwaka. Mwenye uraia au kadi ya kijani, ile karatasi ya ukaazi wa kudumu, anaweza kuomba mkopo wa serkali. Lakini sheria iliyotiwa sahihi mwezi wa saba 2025 imebadilisha mambo. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba 2026, mkopo wa serkali kwa masomo kama haya hauwezi kupita dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Ule mkopo wa ziada uliokuwa ukijaza pengo umefutwa kwa wakopaji wapya.

Hesabu ni nyepesi. Chuo kikichukua dola 45,000, zinabaki 5,000 za kulipia nyumba, chakula, gari na vitabu kwa mwaka mzima. Hazitoshi. Pengo linapaswa kujazwa na bursi, na familia, au na mkopo wa benki, ambao mara nyingi unataka mdhamini mwenye historia ndefu ya kulipa madeni. Familia iliyotoka kambi ya Nyarugusu miaka michache iliyopita mara nyingi haina mdhamini wa namna hiyo. Ndiyo maana swali la bursi linapaswa kuulizwa siku ya mazungumzo, si baada ya kukubali nafasi.

Kwa upande mwingine, kazi inalipa. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa daktari wa miguu Marekani ulizidi dola 140,000 kwa mwaka. Nafasi za mafunzo hospitalini, ambazo karibu mwaka 2013 zilikuwa chache kuliko wahitimu, zimeongezeka.

Anayefikiria kurudi nyumbani

Mpaka mkubwa zaidi uko hapa. DPM ni shahada iliyojengwa kwa sheria za Marekani. Si shahada ya udaktari wa magonjwa yote. Anayeota kurudi Uvira au Kalemie kufungua hospitali, kuzalisha akina mama na kutibu malaria ya watoto, hatapata haki hiyo kwa DPM. Huyo anahitaji shule ya udaktari wa kawaida, hata kama itamchukua miaka 2 zaidi kuingia. Na anayetaka kutibu miguu tu nchini Congo anapaswa kuliuliza kwanza Baraza la Madaktari, Ordre des médecins, jinsi litakavyoipokea shahada yake, kabla ya kutumia miaka 7.

Kwa yule anayeona maisha yake Marekani, njia inaanza na hatua ndogo zisizo na gharama kubwa: kumtafuta daktari wa miguu wa mtaani na kuomba kumfuata, kuandikia vyuo viwili au vitatu kuuliza juu ya karatasi za nyumbani, kuomba msaada wa MCAT, kisha kuweka faili tayari kabla ya mwezi wa nane. Aliyefanya hayo yote na bado anataka kushika miguu ya wagonjwa, atakuwa na la kujibu siku ya mazungumzo.