Sheria Hufunga Mdomo. Nani Ageuzaye Moyo?

Leo tutafakari swali hili: Je, sheria yaweza kumgeuza mtu, au humzuia mkono na mdomo tu?

Sisi wakaaji wa Nakuru hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Twaikumbuka Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Jirani alimwinukia jirani kwa panga na moto, hapa mjini na kule Naivasha. Uwanja wa Maonyesho ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Katika nchi nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100. Na kabla ya panga yalitangulia maneno. Katika Bonde la Ufa watu wa makabila mengine waliitwa “madoadoa”, kana kwamba binadamu ni uchafu wa kupanguswa.

Mwaka huo huo wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Achocheaye chuki ya kikabila aweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka neno lile mkutanoni Eldoret, naye akakamatwa.

Je, tuidharau sheria hiyo? Hasha! Ukuta haumfanyi mwizi kuwa mwema, lakini watoto walio ndani hulala salama. Tena mtoto aonaye kwamba matusi hayo yaadhibiwa hukua akijua kuwa ni aibu. Mtakatifu Paulo naye aliiona torati kama mlezi amwongozaye mtoto mpaka afike kwa Kristo.

Lakini mlezi huyo hafiki kila mahali. Jioni, tukiwa jikoni twaongea kwa lugha ya mama, hakuna askari. Hapo twaweza kuliacha neno lililokatazwa na kutumia lingine lenye sumu ile ile. Nami nakiri: nilipokuwa kasisi mpya, baada ya vita vile, niliwapa mkono washarika wote mlangoni pa kanisa, huku moyoni nikihesabu nani ni wa upande gani. Sikuvunja kifungu chochote cha sheria. Mbele za Mungu nilikuwa na hatia.

Sheria yaniamuru nisiichome nyumba ya jirani. Haiwezi kuniamuru nivuke ua nikamjulie hali akifiwa. Kwa hiyo Mungu aliahidi kwa kinywa cha Yeremia kwamba sheria yake ataiandika mioyoni.

Ndugu yangu, juma hili fanya jambo moja ambalo hakuna hakimu awezaye kukulazimisha. Mwendee jirani yule mliyeacha kutembeleana tangu siku zile. Piga hodi.

Tuombe. Ee Bwana, twakushukuru kwa sheria izuiayo mikono yetu. Igeuze na mioyo yetu, ukianza na wangu. Amina.