Doa Jeusi Sehemu za Siri

Akina mama wengine huona doa jeusi kwenye mashavu ya uke, wakashikwa na hofu. Wengine huona haya kusema. Tujifunze kulitambua.

Ngozi ya mahali hapo kwa kawaida ni nyeusi kuliko ya mapaja. Wakati wa mimba huzidi kuwa nyeusi. Kidonda kikipona pia huweza kuacha doa.

Doa lisilo na hatari mara nyingi ni bapa, laini, la rangi moja, na haliumi. Hukaa miaka mingi bila kubadilika. Si ugonjwa wa zinaa, wala si uchawi. Halihitaji dawa. Jitazame kwa kioo kidogo mara moja kwa mwezi.

Nenda zahanati upesi ukiona hivi:

1. Doa linakua au linabadilika umbo.
2. Lina rangi mbalimbali.
3. Linavimba, linawasha au linatoa damu.
4. Lina kidonda kisichopona.

Mama aliyekoma hedhi akiona doa jipya, asingoje.

Hospitali daktari huweza kukata kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Saratani ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Usilichome doa, usilikate, wala usilipake dawa kali.