Usitupe Vipande vya Nguo: Vyaweza Kuwa Mfarishi wa Mtoto

Msomaji, ukipita Kathonzweni siku ya soko mwezi wa Januari, tazama chini penye baraza za mafundi wa cherehani. Huo ndio wakati wa kushona sare za shule, na miguuni pa fundi utaona fungu la vipande: vya buluu, vya kijani, vya kaki, na vya vitenge vilivyosalia tangu sikukuu. Jioni fungu hilo hufagiliwa. Vipande vingine huchomwa, vingine huchukuliwa na upepo mpaka kwenye miiba, na vingine huliwa na mbuzi. Nguo haisagiki tumboni mwa mbuzi. Ikikusanyika ndani huweza kuliziba tumbo na kumwua mnyama wako.

Sasa fikiri juu ya mwezi wa Julai. Baridi imeshuka Ukambani, ukungu hauondoki upesi asubuhi, na mvua za Machi hadi Mei huenda zimekuhini mavuno, kama zifanyavyo mara nyingi katika Makueni. Fedha hazipo. Mtoto aliyeshonewa ile sare mpya amejikunyata chini ya leso moja. Blanketi yake ilifagiliwa dukani kwa fundi miezi sita iliyopita.

Habari hii yataka kukuonyesha jinsi ya kuvipata vipande hivyo na kuvifanya mfarishi. Mfarishi ni shuka nene ya kujifunika, yenye sehemu tatu: uso wa viraka vilivyoungwa, mjazo katikati, na bitana chini. Kazi hii haitaki mashine ya thamani. Yataka sindano, uzi, mkasi, na subira.

KUSANYA MAPEMA

Kazi ya mfarishi ifuate kazi ya shamba. Mwezi wa Desemba na Januari, nenda kwa mafundi uwaombe vipande. Watu wengi hawavitaki, lakini zungumza na fundi kwa adabu, umwachie gunia safi la kuvitia. Kisha shona mwezi wa Februari, baada ya kuvuna pojo na kunde za mvua ya vuli, kabla ya kurudi shambani kupanda mwezi wa Machi. Baridi ikifika mwezi wa Juni, mfarishi uko tayari.

CHAGUA NA UFUE

Usiunge kila kitu na kila kitu. Fanya mafungu matatu. La kwanza liwe la pamba na vitenge; la pili la nguo nzito za sare na kaki; la tatu la nguo zinazonyumbuka, kama sweta na fulana. Viraka vya uso vitoke katika fungu moja tu. Kiraka kizito kikiungwa na chepesi, kile chepesi hupasuka kwanza, na kinachonyumbuka huvuta vingine upande. Fungu la tatu si la kutupa. Litafaa kwa mjazo.

Fua vipande vyote kabla ya kukata. Nguo mpya ya pamba hupungua ikifuliwa, na nyingine hutoa rangi. Afadhali yatokee hayo sasa kuliko baada ya kushona. Kisha vuta kila kipande kwa mikono miwili. Kikilia na kuachia nyuzi, kimeoza, kitupe.

Magunia yaliyotiwa mbolea au mbegu zenye dawa yasitumiwe kabisa, hata yakifuliwa.

KATA KWA KIPIMO KIMOJA

Kata kadi ngumu, mathalan ya katoni, iwe mraba wa sentimita 16 kila upande. Iweke juu ya kitambaa, piga mstari kwa chaki, kisha kata. Kila mshono utakula sentimita 1 kila upande, kwa hiyo kiraka kitabaki sentimita 14.

Kwa mfarishi wa mtoto, kata viraka 63. Vipange juu ya mkeka safu 9, kila safu viraka 7. Sogeza rangi mpaka macho yako yaridhike, kwa maana baada ya kushona hutaweza tena. Unga kwanza kila safu peke yake, halafu unga safu kwa safu. Ukishona kwa mkono, mishono iwe midogo na ya karibu. Piga pasi upande wa ndani ili mishono ilale. Ukimaliza, uso wako utakuwa na upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 128.

MJAZO NA BITANA

Leso kuukuu lakini isiyooza yafaa sana kuwa bitana. Leso nyingi zina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa karibu sentimita 150. Pima yako kwanza. Itandike juu ya mkeka, upande wa rangi ukitazama chini. Juu yake weka mjazo: blanketi iliyochakaa, au sweta kuukuu zilizokatwa na kuungwa ziwe bapa. Mjazo uwe sawa na uso kwa ukubwa. Mwisho weka uso, nao utazame juu. Zishike sehemu zote tatu kwa kupiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda itakayofumuliwa baadaye.

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Hushona kandokando tu, na baada ya kufua mara mbili mjazo wote umekusanyika pembe moja. Wewe mkulima walijua jambo hili. Shamba la mteremko lisilo na matuta ya fanya juu huachia udongo wote kwenda bondeni. Mfarishi nao wataka matuta yake. Kila mahali pembe nne za viraka zinapokutana, pitisha sindano yenye uzi imara mpaka chini, irudishe juu, na ufunge fundo mara mbili. Katika mfarishi wa viraka 63 utafunga mafundo 48. Hapo mjazo hautahama.

Mwisho, punguza leso ibaki ikizidi uso kwa sentimita 5 kila upande. Ikunje mara mbili kuelekea juu, ifunike ukingo wa viraka, na ushone pindo kuzunguka. Fumua bandi, na kazi imekwisha.

KAMA VIPANDE NI VIDOGO

Huenda vipande ulivyopata havitoshi mraba. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wako watu waitwao Wasidi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi bila kipimo chochote. Hutandika nguo kuukuu, huanzia pembeni, na huweka kiraka baada ya kiraka, kidogo kwa kikubwa, wakizunguka kingo zote mpaka wakutane katikati. Mishono hupita moja kwa moja mpaka bitana, hivyo viraka vyenyewe vilivyopandana ndivyo unene wake. Njia hiyo yaweza kufuatwa Kathonzweni bila kubadili neno.

Wala usione haya kwamba nguo ni kuukuu. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi wa mashamba ya pamba walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wao wasipate baridi. Mwaka wa 2002 mifarishi hiyo iliwekwa katika jumba la sanaa la Houston, na watu walifanya safari kwenda kuitazama.

SHONENI KWA MWETHYA

Mtu mmoja akishona viraka 63 kwa mkono, huchoka na kuacha njiani. Lakini Ukambani tunayo mwethya, ile ile iliyochimba matuta na mabwawa. Na tangu Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka wa 1952, kushona kumekuwa kazi ya vyama vya akina mama. Basi hesabu hivi: mfarishi una safu 9. Wakikutana akina mama 9, kila mmoja ataunga safu moja ya viraka 7, na kwa kikao kimoja viraka vyote vimeungwa katika safu. Mwenye zamu huunganisha safu hizo na kumaliza nyumbani kwake. Vikao 9 vikipita, kila nyumba ina mfarishi wake. Wa kwanza apewe aliye na mtoto mgonjwa au nyumba yenye upepo.

Mkipenda kuuza, hesabuni kwanza uzi, mjazo, na siku za kazi. Vipande vilikuwa bure, lakini mikono yenu si bure.

Maonyo mawili kabla ya kumaliza. Nguo za poliesta zikishika moto huyeyuka na kunata mwilini, kwa hiyo mfarishi usiwe karibu na jiko wala koroboi. Na mtoto mchanga asilazwe na mfarishi mzito, kwani waweza kumziba pumzi. Huu ni wa mtoto aliyekwisha kutembea.

Siku ya soko ijayo, basi, usipite tu penye baraza za mafundi. Chukua gunia safi.