Unadai Kuoda Pikapu Mpya ya Dizeli? Tulipiga Hesabu na Bro, Cheki Vile Ilienda

Juzi bro yangu mkubwa alinipigia simu saa tano usiku. Saa hiyo ukiona simu ya familia roho inaruka, lakini jamaa alikuwa na furaha ya ajabu. "Nimeamua, naoda ndai mpya," akaniambia. "Si ya mtu, si ya yadi. Mpya mpya, dizeli." Alikuwa ametoka shorumu siku hiyo na brosha tatu, na kesho yake alikuwa anataka kutuma depositi.

Nikamwambia atulie hadi Jumapili tukae chini na kalkuleta. Niliacha koleji muhula wa nne kwa sababu ya fii, so usinitarajie profesa, lakini kujumlisha na kutoa najua. Na hizo hesabu nimeona niziweke hapa, maana mtaani kuna wasee kibao wako na hiyo ndoto.

Kwanza ujue kazi yake. Bro hubeba waru, hizo shangi za chipo, kutoka Njabini huko Kinangop hadi Kawangware, halafu zingine anashukisha Kibera kwa wamama wa chipo pale Makina na Olympic. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 150. Pikapu yake ni ya petroli na imemzidi umri. Mwezi uliopita ililala Kinale, ukungu kila mahali, gunia 20 nyuma, na mafundi wote wamefunga. Alifika Kawangware saa nne asubuhi na wamama walikuwa washanunua kwa mtu mwingine. Siku hiyo ndio hii stori ya ndai mpya ilianza, msidhani ni show off.

Kwa nini dizeli inakunywa kidogo

Wengi husema "dizeli ni rahisi" wakimaanisha bei ya petroli stesheni tu. Hiyo ni nusu ya stori. EPRA hutangaza bei kila tarehe 14 na inaanza kutumika tarehe 15. Kwa mfano, kati ya Septemba 15 na Oktoba 14, 2025, Nairobi petroli ilikuwa 184.52 na dizeli 171.47. Tofauti ni bob 13 kwa lita. Si mbaya, lakini si hiyo inakubadilishia maisha. Na isikupe usingizi pia: Oktoba 2023 dizeli ilifika 205.47.

Nusu ingine iko ndani ya injini. Injini ya petroli inachanganya hewa na mafuta halafu plagi inapiga cheche. Dizeli haina hiyo plagi ya cheche. Inavuta hewa peke yake, inaikandamiza hadi inakuwa moto sana, halafu injekta inarusha mafuta ndani na yanawaka yenyewe. Huko kukandamiza kwa nguvu ndiko kunafanya kila tone lifanye kazi zaidi. Ongeza kwamba lita moja ya dizeli iko na nguvu nyingi ndani kuliko lita ya petroli. Na ukiwa jam pale Naivasha Road, gari imesimama tu inanguruma, injini ya dizeli inarusha mafuta kidogo sana.

Halafu kuna turbo, ambayo inasukuma hewa zaidi ndani ya injini ndogo ifanye kazi ya injini kubwa. Ndio maana siku hizi unaona Isuzu iko na injini ya 1.9 inatoa nguvu farasi 150, kitu ambacho buda yako angekucheka ukimwambia ni ya kubeba tani. Hilux nayo iko na ya 2.4. Mahindra Scorpio ni 2.2. Ukiwa unabeba waru, acha kuangalia spidi ya mwisho kwa brosha. Uliza toki, hiyo nguvu ya kuvuta ukiwa na mzigo kwa mlima, na uulize inapatikana injini ikizunguka pole ama hadi uikanyage ilie.

Kuhusu ile namba ya "kilomita 18 kwa lita" kwa brosha, achana nayo. Hiyo ni pikapu tupu, barabara safi, na dereva mpole. Wewe unapanda Limuru na tani moja. Sisi tuliweka 12 na tukaona hata hapo tumekuwa wakarimu. Ile ya zamani bro aliipima mwenyewe: alijaza tanki hadi juu, akaenda trip, akajaza tena, akagawa kilomita kwa lita. Ilikuja 8. Fanya hiyo kitu kwa ndai yako wiki hii, ni bure.

Sasa hesabu

Trip moja ya kilomita 150. Ya zamani inakunywa lita 18.75 za petroli, hiyo ni 3,460. Mpya ingekunywa lita 12.5 za dizeli, 2,143. Unaokoa 1,317 kila trip. Kwa trip 20 za mwezi unaokoa kama 26,300. Bro alipoona hiyo namba akasimama kwa kiti. "Si nilikuambia!"

Nikamwambia keti bro, hatujafika kwa benki.

Tuseme pikapu ni mita 4. Sisemi hiyo ndio bei ya dukani, hizo hubadilika, nimechukua namba rahisi ya hesabu. Depositi asilimia 20, yaani laki 8. Unakopa mita 3.2 kwa miaka 5, riba asilimia 15. Hapa ndipo wasee huchapwa. Kuna riba ya aina mbili, na zote msee wa mauzo atakuambia ni "asilimia 15" na uso haubadiliki.

Ya kwanza inahesabiwa kwa deni lenye limebaki. Ukilipa, deni linapungua, na riba inapungua nayo. Hiyo inakupa kama 76,100 kwa mwezi. Ya pili ni ya flati: riba inahesabiwa kwa mita 3.2 yote miaka yote mitano, hata mwaka wa mwisho ukiwa umebakisha kidogo tu. Hiyo inakuja 93,300 kwa mwezi. Asilimia ni ileile, ndai ni ileile, lakini kila mwezi unatoa thao 17 juu. Kwa miaka 5 hiyo ni zaidi ya mita moja imeenda na upepo. So swali la kwanza kabisa ukiingia kwa ofisi ya mkopo: "Hii riba ni ya flati ama ya salio linalopungua?" Halafu uitishe ratiba ya malipo, mwezi kwa mwezi, kwa karatasi. Mtu akikataa kukupa hiyo karatasi, inuka uende.

Na Benki Kuu imekuwa ikishusha riba yake. Mapema 2024 ilikuwa asilimia 13, Agosti 2025 ikafika 9.5. Ukipewa riba ya juu kama bado tuko 2024, bonga nao. Wako na nafasi ya kushuka, ni vile hawasemi.

Turudi kwa bro. Anachaji 300 kwa gunia. Gunia za waru sheria inasema zisizidi kilo 50, so gunia 20 ni tani moja, na singo kebu nyingi hapo ndio zinafikia, usilete ile ya kupakia hadi pua iangalie mbinguni. Trip moja ni 6,000. Trip 20 ni 120,000. Toa dizeli 42,900. Toa benki 76,100. Kumebaki thao moja. Na hujalipa bima. Benki hawakubali bima ya tatu, lazima iwe ile kubwa ya kulipia hadi gari yenyewe. Tuliweka asilimia 4 ya bei, hiyo ni kama 13,300 kwa mwezi.

Yaani kwa ndai mpya, safi, inayookoa mafuta, bro angekuwa hasara ya thao 12 kila mwezi. Alinyamaza. Mathe, ambaye alikuwa jikoni akijifanya hasikii, akasema kutoka huko, "Baba, na watoto watakula hiyo harufu ya gari mpya?"

Lakini haimaanishi ya zamani ni poa. Mwezi uliopita alitakiwa kufanya trip 20 akafanya 14, zingine gari ilikuwa kwa fundi. Ukitoa petroli na thao 15 za mafundi, alibaki na kama 20,500. Hiyo ni mwezi mzima wa kulala saa saba na kuamka saa tisa.

Penye tulipata mwanya ni kurudi. Bro huenda Njabini gari tupu! Kilomita 75 anachoma mafuta akibeba hewa. Na kuna wasee wa Toi wanaopeleka mitumba soko za huko Kinangop, tena kila wiki. Walikuwa wameshamkataa kwa sababu hakuna mtu ataweka belo yake kwa gari inayolala Kinale. Akiwa na gari ya kuaminika na apate mzigo wa 2,500 tu wa kwenda, trip 20 ni elfu 50 zaidi. Hapo anabaki na kama 37,600 baada ya kila kitu, na baada ya miaka 5 pikapu ni yake. So pikapu hailipwi na mafuta unayookoa. Inalipwa na mzigo ambao sasa hivi huwezi kuupata.

Kabla utume hata bob moja

Kuna yadi moja, jina tuachane nalo, msee wake alimwambia bro atume laki 2 kwa namba yake ya simu "kushikilia rangi". Rangi gani? Ukioda kwa dila, unapewa proforma yenye jina la kampuni, modeli, bei na VAT yake, na muda wa kusubiri. Pesa inaenda kwa akaunti ya kampuni. Hiyo proforma ndio unapeleka benki. Uliza pia: depositi inarudi nikibadilisha mawazo ama mkopo ukikataliwa? Iandikwe.

Uliza ndai inaundwa wapi. D-Max inaunganishwa hapa hapa Nairobi na Isuzu East Africa, hao ndio walikuwa General Motors hadi 2017. Mahindra inaunganishwa Mombasa. Gari ikiletwa vipande ije kuunganishwa hapa, haipigwi ule ushuru wa forodha wa gari nzima, na hiyo inasaidia bei. Pia spea zinapatikana haraka, na ukikaa wiki tatu ukingoja injekta kutoka ng'ambo benki haitakungoja.

Logbuku itakuja na majina mawili, yako na ya benki, hadi umalize deni. Huwezi kuiuza kimyakimya. Na kuna ushuru ambao wasee wengi huwa hawaujui: pikapu ya biashara hulipa KRA ushuru wa mapema kila mwaka, 2,500 kwa kila tani ama 5,000, ile iko juu. Kuna watu watakuambia "utarudishiwa VAT yote bro, ni gari ya biashara." Ni kweli kama umesajiliwa VAT na unauza vitu vinavyotozwa VAT. Waru mbichi hazitozwi, na kazi ya bro ni ndogo, so kwake hiyo ni hadithi.

Kitu ya mwisho ni mafuta yenyewe. Injini hizi mpya ziko na injekta zenye matundu madogo sana, na dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Ukiweka dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, pampu inakauka, injekta zinakufa, na bili yake itakufanya uuze kochi. Huo mchezo ulikuwa umezidi hadi 2018 serikali ikaongeza mafuta taa ushuru wa bob 18 kwa lita ili kuchanganya kusilipe. Bado usinunue ya mtungi kando ya barabara. Chukua stesheni moja unayoiamini, weka risiti. Na kama modeli unayotaka iko na chujio ya moshi kule kwa egzosi, jua inataka kukimbia barabara ndefu ndio ijisafishe. Kwa bro ni sawa, anapanda Limuru kila siku. Lakini wewe wa kuzunguka Kawangware, Kangemi na Kibera tu, itaziba, so uliza kabla.

Bro hakutuma depositi. Laki 8 yake bado iko kwa sako, na wiki hii ameenda Toi mara mbili kuongea na wasee wa belo. Wawili wamekubali, anatafuta wa tatu, na ameniambia akimpata nijiandae, twende naye shorumu nimuulizie hiyo swali ya flati.