Nge husafiri na mizigo: ghala la nyumbani lisiwe maficho yake

RUSIZI – Mfanyabiashara anayevuka daraja la Rusizi ya Kwanza kila siku huamka kungali na giza. Anavaa viatu bila kuwasha taa asije akaamsha watoto, anaingiza mkono kati ya magunia kuvuta mzigo wa leo, kisha anatoka mbio kuwahi foleni ya mpakani. Saa hiyohiyo nge naye anarudi mafichoni baada ya kuwinda usiku kucha, na maficho yenyewe yanaweza kuwa kiatu hicho au gunia hilo.

Si kila sehemu ya wilaya hii inampendeza nge kwa kiasi kimoja. Kamembe iko juu, karibu na Ziwa Kivu ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna ubaridi. Ukishuka Bugarama, mambo yanabadilika. Hapo unaingia bonde la joto, karibu na mahali pa chini kabisa nchini Rwanda, kiasi cha mita 950, ambapo Mto Rusizi unaiacha nchi. Bonde hilohilo linaendelea Kamanyola kwa upande wa Kongo na Cibitoke kwa upande wa Burundi. Joto, mawe, matofali yaliyopangwa nje na kuta zenye nyufa ni mazingira anayoyapenda mdudu huyu. Na huko ndiko unakotoka mpunga mwingi na saruji inayopandishwa huku juu. Mzigo uliolala chini wiki nzima unaweza kuvuka na abiria asiye na kibali.

Wengi wakimwona nge mmoja hukimbilia dawa ya kupuliza. Mimi naona hapo ndipo pesa inapopotea. Nge hujibana ndani ya ufa mchana kutwa, dawa haimfiki, na anaweza kukaa miezi bila kula. Kibaya zaidi ni dawa za mashambani zinazouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa za soda. Ukizipuliza chumba kimoja na maharage au unga, umetia sumu bidhaa ya kuuza, na chupa hiyo mtoto anaweza kuinywa akidhani ni soda. Dawa halali ya wadudu wa nyumbani ina kazi yake, hasa kuua mende na wadudu wengine ambao nge huwala. Chakula kikiisha, naye huhama.

Kinachomshinda hasa ni kunyimwa pa kujificha. Magunia yapande juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta, ili ufagio upite chini na nyuma yake. Kuni, matofali na mabati chakavu yasiegemezwe kwenye ukuta wa nyumba, hasa chini ya dirisha la chumba cha kulala. Anayehamisha vitu hivyo avae viatu vya kufunika na glavu nene, maana watu wengi huumwa wakati wa kusafisha kwenyewe. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi nzuri ya kuondoa vifusi vilivyo kati ya nyumba na nyumba, kwa sababu nge wa jirani hatambui mpaka. Nyufa zizibwe kwa saruji au udongo, na chini ya mlango pafungwe ukanda wa mpira. Tairi kuukuu la baiskeli linatosha. Taa ya nje ikiwaka mlangoni usiku kucha huvuta wadudu, na wadudu humvuta nge. Kuku husaidia kidogo, ila kuku analala saa ambayo nge anaamka.

Kuna kifaa ambacho baadhi ya wafanyabiashara wanacho tayari mfukoni: kile kitochi cha mwanga wa zambarau cha kukagulia noti za dola. Mwanga huo ukimmulika nge gizani, mwili wake hung'aa rangi ya kijani au samawati, hata akiwa mdogo kama ukucha. Zima taa, pita polepole kando ya kuta na magunia. Ukimwona, mfunike kwa kopo au mpige kwa kitu kirefu, usimguse kwa mkono hata akionekana amekufa. Na kila asubuhi, kung'uta viatu, nguo na kitenge cha kubebea mtoto.

Akiuma, maumivu ni makali, lakini mtu mzima kwa kawaida hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili. Hatari kubwa ni kwa mtoto, kwa sababu sumu ni ileile na mwili ni mdogo. Osha jeraha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usichanje, usifunge kamba, usifyonze, usipake petroli. Mtoto aliyeumwa apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili. Akitokwa na mate au jasho jingi, akitapika, akitetemeka, macho yakizungukazunguka au pumzi ikiwa nzito, basi ni dharura: piga 912, au nenda moja kwa moja Gihundwe au Mibilizi, hospitali iliyo karibu nawe. Aliyeumwa akiwa Bukavu aende hospitali ya huko hata kama atalipa mfukoni, asipoteze saa akitafuta kurudi upande wenye mutuelle.

Limebaki jiwe jeusi, ambalo familia nyingi za pande zote mbili za mto hulitunza kabatini tangu enzi za wamisionari. Hubandikwa penye jeraha, likaaminiwa kwamba linanyonya sumu. Shirika la Afya Duniani limeonya dhidi ya mawe ya aina hii kwa walioumwa na nyoka, na kwa nge pia sumu huwa imekwisha kuingia mwilini. Maumivu ya nge hupungua yenyewe baada ya saa kadhaa, jiwe liwepo lisiwepo, na sifa huenda kwa jiwe. Kwa mtoto anayeanza kutokwa na mate, saa hizo ndizo daktari anazozihitaji.